Ini la Mtunza Ghala

Daktari alipomwambia baba yangu kwamba ini lake lina mafuta, swali la kwanza la baba lilikuwa hili: "Yamechacha?"

Nilikuwa nimeketi kando yake pale kliniki, mkoba mapajani, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mpole, na nadhani tangu asubuhi hakuna mgonjwa aliyekuwa amemchekesha. Akacheka. Kisha, kwa kuheshimu mvi, akamjibu kwa lugha ile ile ya baba.

"Bado, Mzee, hayajachacha. Ila ukiyaacha humo yataanza kuliumiza ini, litapata makovu, na ini likishajaa makovu si rahisi lirudi lilivyokuwa."

Akamwambia apunguze sukari na soda, aachane na vya kukaanga na vya pakiti, atembee kila siku, kisha arudi baada ya miezi mitatu apimwe tena. Baba alikuwa anatikisa kichwa kwa kila neno kama mwanafunzi mzuri. Mimi nikaamini ameelewa. Kumbe masikio yake yalifungwa pale pale kwenye "hayajachacha", na yaliyofuata yote yalimwagika sakafuni.

Ili nisimwonee, lazima nieleze kazi aliyoifanya maisha yake yote. Baba alikuwa mtunza ghala katika kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya pamba, upande wa Misungwi, tangu ujana mpaka walipompa mkono wa kwaheri. Wenzake walilala wakiwawaza wake zao na watoto. Baba alilala akiyawaza mapipa. Mafuta yakikaa na hewa hugeuka. Yanaanza kunuka kama rangi ya mlango, na mteja anayarudisha kwa matusi. Dawa ya kuzuia jambo hilo ilikuwa unga mweupe, kiasi kidogo tu kwa pipa zima, na ufunguo wa kabati la unga ule ulining'inia kiunoni mwa baba. Tulipokuwa watoto alitueleza habari zake wakati wa chakula, wakati wenzetu wanasimuliwa habari za sungura na fisi.

"Ule unga unajitoa mhanga," alisema. "Hewa inakuja kuyala mafuta, unga unaikinga njiani: nile mimi kwanza."

Na hakuna pipa lake lililowahi kuchacha. Hilo alilisema kwa kila mgeni, hata kwa mchungaji.

Basi siku ile tulipotoka kliniki, kabla hatujafika nyumbani Kiseke, baba aliomba tusimame dukani. Nikadhani anataka maji. Akachukua pakiti ya biskuti, akaigeuza upande wa nyuma, akaanza kuyatafuta yale maandishi madogo ambayo yamewekwa ili yasisomwe.

"Miwani yangu iko wapi?"

"Kwenye paji la uso, baba."

Hiyo ndiyo ilikuwa hali yake. Miwani hupanda kwenye paji la uso na kukaa huko, na yeye huitafuta nyumba nzima akimuuliza mama. Akaishusha, akasoma. Katikati ya sukari na unga wa ngano palikuwa na mafuta, na mbele ya mafuta palikuwa na namba: mia tatu na kumi na tisa. Baba aliitazama namba ile kama mtu aliyekutana stendi na askari mwenzake wa zamani.

"Ndiye huyu," akasema. "Ndiye huyu, unga wangu wa kabatini."

Akanunua biskuti, siagi ya kopo, na zile tambi za kumwagia maji ya moto, kila kimoja baada ya kukikagua na kukikuta na namba yake. Jioni akatuketisha sebuleni, mama na mimi, akatufundisha. Ini lake ni pipa. Pipa lina mafuta. Daktari mwenyewe, msomi, amethibitisha kwamba hayajachacha. Kazi iliyobaki ni kuyalinda, na dawa ya kuyalinda inauzwa madukani, imeshachanganywa, hata kijiko cha kupimia hakihitajiki.

Mama yangu ni Mhaya, Mlutheri, mtu wa maneno machache yaliyopigwa pasi. Akasema, "Daktari amesema uyapunguze, Baba watoto. Hakusema uyatunze."

"Kupunguza ni kazi ya idara ya mauzo," baba akajibu. "Mimi ni wa ghala."

Mnaweza kucheka. Mimi pia nilicheka siku hiyo. Lakini kesho yake asubuhi alikunywa chai na biskuti, saa nne akalamba siagi kwa kijiko huku amefumba macho kama anayemeza dawa chungu, na mchana akala tambi. Aliyakunja makaratasi ya pakiti vizuri na kuyaweka kabatini. Biskuti za zamani alizisogeza mbele na mpya akaziweka nyuma, kwa sababu ghalani kinachotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka, na hata ugonjwa unahitaji utaratibu.

Kilichoniudhi zaidi ni samaki. Sisi ni watu wa kando ya ziwa. Mama alikwenda mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, asubuhi na mapema akarudi na sato anayerusha mkia ndani ya beseni, akampika kwa limau na chumvi, bila tone la mafuta, kama alivyoagizwa kliniki, na pembeni akaweka ndizi zake za kuchemsha. Baba aliitazama sahani, akaisukuma.

"Huyu hana dawa," akasema. "Mwache mezani mpaka kesho kama hatanuka. Kitu ambacho hakiwezi kujilinda chenyewe siku moja, kitanilinda mimi?"

Kisha akatuonyesha biskuti aliyokuwa ameiweka dirishani kwa majaribio. Siku zilikuwa zimepita na ilikuwa vile vile, ngumu, safi, yenye maandishi yake mgongoni. Kiseke yetu ina sisimizi wanaoweza kubeba mkate, lakini walifika kwenye biskuti ile, wakaizunguka, wakaondoka.

"Hata sisimizi wanaiheshimu," baba akasema kwa fahari.

Mama akamjibu kwamba sisimizi wana akili. Akamchukua sato, akamla peke yake jikoni akiwa amesimama. Mama hana desturi ya kula akiwa amesimama. Nilipomwona vile niliacha kucheka.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo sokoni Mkuyuni, na mambo ya ini siyajui. Najua kiuno. Nguo zote za baba nimeshona mimi, na suruali zake huja kwangu zenyewe zinapotaka msaada. Mwezi ule zilikuja. Nikaziachia mshono kiunoni. Zikarudi tena, nikaachia tena, mpaka pindo la ndani likaisha na ikabidi niweke kiraka cha kitambaa kingine nyuma ambako koti litafunika. Uso nao ulikuwa unavimba, na alikuwa anasinzia katikati ya mazungumzo aliyoyaanzisha yeye. Kutembea aliacha kabisa. Alisema mafuta ukiyatikisa yanaingia hewa.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka sindano ikawa inanichoma vidole. Nikafunga kibanda mchana kweupe nikaenda kliniki peke yangu, nikamsimulia daktari yote, na biskuti ya dirishani. Safari hii hakucheka. Alishika kichwa.

"Dada, ni mimi niliyemwambia hayajachacha?"

"Ni wewe."

"Nilikuwa natania!"

"Na yeye alikuwa anaandika risiti."

Akanieleza polepole, nami naeleza kama nilivyoelewa. Ule unga ni kweli unazuia mafuta yasichache yakiwa kwenye pakiti, na unaruhusiwa, kwa kiasi kidogo sana. Lakini ukishamezwa hauendi kulinda chochote. Unafika kwenye ini kama mgeni mwingine yeyote, na ini ndilo linalolazimika kuuvunjavunja na kuutoa nje. Wanyama wa maabara waliolishwa kwa wingi, kuliko mtu anavyoweza kula, walionekana maini yao yakivimba kwa kazi hiyo. Kwa binadamu anayekula kiasi kilichoruhusiwa hakuwa na ushahidi wa kunipa kwamba unamdhuru, na hakutaka kunidanganya.

"Sasa ini la baba yako tayari limeelemewa," akasema. "Lakini msigombane na unga. Unga ni abiria tu. Gombaneni na gari: ile sukari, yale mafuta, ile chumvi. Hivyo ndivyo vinavyomjaza. Akiendelea hivi, dada, sitamficha mtu: atafika mahali ambapo mimi sina la kufanya."

Nilikwenda nyumbani na maneno hayo yamejaa mdomoni. Nikamwambia baba yote, neno kwa neno, hadi yale maini ya wanyama yaliyovimba. Alisikiliza kwa makini sana.

"Kwa hiyo dawa ikiingia, ini linafanya kazi?"

"Linafanya kazi ya ziada, baba. Linachoka!"

"Kazi haijawahi kumuua Msukuma," akasema, akafungua pakiti.

Ningekuwa na uwezo wa kumchapa mzazi bila kulaaniwa, ningemchapa jioni ile. Nilitoka nje nikaenda kulia nyuma ya nyumba kwenye kamba ya nguo, kati ya mashuka, na nikamkuta mama yuko hapo tayari. Hakuwa analia. Alikuwa ameshika kibanio cha nguo anafikiri.

"Yule bibi wa michembe bado anakaa karibu na kibanda chako?" akaniuliza.

Bibi wa michembe ni mtani wa baba. Koo zao zimetaniana tangu mababu. Wawili hawa wakikutana hawasalimiani mpaka wametukanana kwanza, na hakuna aliyewahi kukasirika. Pale sokoni alikuwa anauza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani mpaka vikawa vigumu kama mbao. Kwetu mtani ana mamlaka yake, na mamlaka hayo huonekana msibani. Mtani huvaa nguo za marehemu, huiga sauti yake na mwendo wake na ubahili wake, hulala hata kaburini na kudai alipwe ndipo atoke, na wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka. Hakuna ruhusa ya kumkasirikia mtani. Baba angeweza kumpuuza daktari, mke na mtoto. Mtani hapuuzwi.

"Mwambie aje," mama akasema. "Mwambie kuna msiba."

"Wa nani?"

Mama akabana shuka kwenye kamba, akaingia ndani.

Nikaenda nikamsimulia bibi yote, hadi habari za kabati na sisimizi. Jumamosi iliyofuata, asubuhi, baba akiwa kwenye chai yake na biskuti, tulisikia yowe getini. Lilikuwa yowe la kweli, lile linaloanzia tumboni. Bibi aliingia uani amejifunga kanga kichwani, amejipaka majivu usoni, na begani ana kifuko cha michembe.

"Yuko wapi malehemu?" alilia. "Nionyesheni malehemu wangu!"

Hatukuwa tumefikiria majirani. Katika mtaa wetu yowe likisikika hakuna anayeuliza maswali. Watu wanakuja kwanza. Kabla sijafika mlangoni walikuwa wameshaingia, wanaume wamebeba mabenchi, wanawake wamebeba kuni. Mmoja alikuja na lile sufuria kubwa la misiba na kuanza kupanga mafiga bila kuagizwa. Wanakwaya wawili walikuwa wanatafuta sauti. Mjumbe wa mtaa alifika akiwa amefunga vifungo vya shati vibaya, akanishika mkono kwa huzuni.

"Pole sana, binti. Mzee alikuwa mtu wa watu."

"Yuko ndani anakunywa chai," nikamwambia.

"Ndiyo, ndiyo," akasema. "Jipe moyo."

Hapo baba akatokea barazani, kikombe mkononi, makombo kifuani.

"Nani kafa?"

Watu waligeuka. Mwanamke wa sufuria alipiga kelele akadondosha mwiko. Bibi akamwonyesha baba kidole.

"Wewe!"

Akapita mbele yake kama anapita mbele ya nguzo, akaingia ndani, akatoka amevaa koti la baba na kukumbatia shehena yote ya biskuti kutoka kabatini. Akatandika mkeka katikati ya ua, akalala chali, akazipanga biskuti kifuani, moja akaitia mdomoni. Majirani walikwishaelewa. Kicheko kilianzia kwenye mabenchi ya nyuma kikaja mbele.

"Msinizike!" bibi alisema kwa sauti ya baba, ile nzito ya kiofisi. "Mna halaka gani? Mimi sioozi! Nina dawa! Nizikeni mwakani, au mniweke kabatini, waliotangulia mbele, wapya nyuma!"

"Na sisimizi je, Mzee?" akauliza kutoka nyuma jirani aliyewahi kuonyeshwa biskuti ya dirishani.

"Wananiheshimu!"

Mjumbe wa mtaa alicheka mpaka akakaa chini. Na baba, masikini, alikuwa anacheka pia. Angefanya nini? Alisimama barazani tumbo likimtikisika ndani ya suruali yenye kiraka changu, akifuta macho, akisema, "Huyu mwanamke mshenzi, huyu mwanamke mshenzi." Nikaona mpango umeharibika. Atacheka, ataagana na watu, atarudi kwenye biskuti.

Bibi alikuwa amefumba macho pale mkekani. Akapapasa paji la uso wake, kisha akaita, taratibu, vile vile hasa baba anavyoita kila siku ya Mungu:

"Mama watoto. Miwani yangu iko wapi?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, anacheka na wenzake. Akajibu bila hata kugeuka, kama alivyojibu maisha yake yote:

"Kwenye paji la uso, Mzee."

Halafu akageuka. Akaliona koti la mume wake limelala chini kwenye mkeka, limefumba macho, na watu wa mtaa wamelizunguka na mabenchi. Sijui ni nini kilimpata. Alijifunika kanga usoni akalia, na hakikuwa kilio cha maigizo. Alilia Kihaya, lugha ambayo hatumii nyumbani, akimlalamikia mtu aliyemwacha na nyumba kubwa na watoto wenye makwao, na sasa atamtafutia nani miwani. Sufuria lilikuwa linachemka peke yake.

Baba aliacha kucheka. Alishuka ngazi za baraza kwa shida, akihema, akaenda akakaa chini karibu na kigoda chake. Aliitoa miwani kwenye paji, akamwekea mama kwenye kiganja, akamfunga vidole.

"Nipo, Mama watoto. Si nipo?"

"Mpaka lini?" mama akauliza ndani ya kanga.

Baba yangu, mtu ambaye alijua kila pipa liliingia siku gani na litatoka siku gani, alianza kuhesabu kwa vidole, akapotea.

Bibi akafungua jicho moja. "Malehemu asipojibu, mtani hainuki," akasema. "Na mgongo unaniuma."

"Nipeni hicho kilichomo kwenye sufuria," baba akasema.

Ilikuwa michembe ya bibi. Wanawake walikuwa wameichemsha wakati watu wanacheka, kwa sababu chakula cha msiba ni chakula cha msiba, aliyekufa awepo asiwepo. Baba alipewa bakuli, akala, na majirani wote wakala, maana kuni zilikuwa zimeshawaka. Alitafuna muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya ukaguzi, viazi vile ni vya lini. Bibi akasema ni vya mavuno ya mwaka juzi.

"Mnaweka dawa gani?"

"Jua," bibi akajibu.

Biskuti bibi alizichukua zote. Mtani haondoki msibani mikono mitupu. Alisema hatazila wala hatauza, ataziweka juu ya kabati aone kati yake na zenyewe nani ataoza kwanza.

Sitadanganya kwamba baba aligeuka malaika. Alilalamika kuhusu sato kila siku aliyomla. Soda alinunua kwa siri, nami nilijua kwa sababu alikuwa anarudi dukani akipiga mluzi. Lakini alitembea. Kila jioni walishuka na mama polepole kuelekea ziwani, yeye mbele, mama nyuma ameshika miwani, wakarudi wanabishana. Suruali zikaanza kuja kwangu kwa sababu nyingine. Nikatoa kiraka.

Siku ya kurudi kliniki tulikwenda watatu. Daktari alimpaka ile jeli tumboni, akatembeza kifaa chake, akatazama kioo kwa muda mrefu, akarudia tena upande wa kulia. Mama alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

"Mzee," daktari akasema, na safari hii alichagua maneno kama anayechagua mchele, "mafuta yamepungua. Hayajaisha, safari bado ndefu. Lakini yamepungua, na makovu siyaoni."

Nilimshukuru Mungu. Lakini baba alikuwa ameinuka kwenye kiwiko, uso umembadilika. Miaka yake yote ya kazi, neno hilo likisemwa ghalani, maana yake ilikuwa moja tu, na polisi waliitwa.

"Yamepungua?" akauliza. "Yamekwenda wapi?"

Daktari alinitazama mimi. Mimi nikamtazama mama.

"Nimeiba mimi," mama akasema.

Baba alimwangalia, tumbo wazi, jeli inameremeta. Kisha akalala tena chali.

"Basi endelea," akasema.